Basta, Mzee

Wakati wa vita vya mashifta nilikuwa mwalimu mgeni kutoka Murang'a, na Garissa tulikuwa na mkahawa wa Kitaliano. Usicheke. Ulikuwa kibanda cha mabati, na mpishi wake alikuwa mzee wa Kisomali aliyewahi kumpikia Mtaliano mmoja huko Kismayu. Alipika tambi kwa mchuzi wa mbuzi, akaweka na ndizi mbivu pembeni, nawe ulitakiwa kuila ndizi pamoja na tambi, si baadaye. Mwenyewe aliziita baasto.

Jioni moja nilimpeleka pale Sista, muuguzi wa hospitali. Alikuwa amepata uhamisho. Msafara wa malori, pamoja na askari wa kuulinda, ulikuwa unaondoka kesho yake asubuhi, na hakuwa ameamua kama atapanda au ataomba abaki. Nilimpenda sana na sikuwahi kumwambia. Nilidhani tambi zingenisaidia.

Ili anione mtu wa dunia, niliamua kuitamka ile baasto kwa madaha. Mzee alipoanza kupakua, nikaona ananibania.

"Basta, Mzee!" nikasema.

Akaacha kupakua.

"Basta!"

Akafunika sufuria. Niliposema tena, kwa hasira ya njaa, akaiondoa sahani yangu kwa heshima zote.

"Mwalimu, kwani huli?" Sista akauliza.

Mzee naye alikuwa amechoka nami. "Wallahi, Mwalimu, weye nasema basta, basta! Mtaliano yangu akisema basta, maana yake tosha. Chakula ni baasto! Sasa iko njaa ama iko shiba?"

Sista alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa. Tangu kafyu ianze sikuwa nimemsikia akicheka hivyo. Niliona haya, na papo hapo nikafurahi.

Sahani ilirudi imejaa. Nje watu walishaanza kukimbilia majumbani kabla askari hawajapita. Nikajikaza, nikamwambia, "Usiende." Nilikusudia hotuba ndefu zaidi, lakini mdomo ulikuwa umejaa tambi.

Aliendelea kuzungusha uma wake.

Mzee akaja na upawa wake. "Abaayo, dada yangu, basta?"

"Bado, Mzee," akasema, akimsogezea sahani. "Na kesho jioni utuwekee tena. Mimi na huyu."