Mlango Alioufungua Bibi

Msimu uliopita wa korosho nilikuwa Masasi mjini, nikisubiri gari la kupanda Newala, nikaingia duka la madaftari kukwepa jua. Katikati ya vitabu vya shule nikakiona kitabu cha nne. Wewe hukukulia uani kwetu, kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu.

Nilipokuwa shule ya msingi, mwalimu wetu aliniazima hadithi za mwanamke dereva wa lori aliyezunguka nchi nzima akimtafuta mama yake. Vilikuwa vitabu vitatu. Nilivisoma kwa sauti nyumbani kwa Bibi wakati wa korosho. Mabibo yalimwagwa kwenye turubai, majirani wakaketi kuyazunguka, kila mmoja akisokota korosho mpaka ing'oke kwenye bibo lake. Bado nainusa ile harufu tamu iliyoanza kuchachuka, na ming'oko, vile viazi vya porini, ikichemka jikoni. Maji ya mabibo yakidondokea kanga au karatasi, doa halitoki tena. Ndiyo maana ikawa desturi ya ua ule kwamba anayesoma hagusi bibo.

"Wewe soma," Bibi alisema. "Mikono tunayo sisi."

Kitabu cha tatu kiliishia pabaya. Dereva kafika nyumba ya mwisho, kapiga hodi, mlango ukafunguliwa. Basi. Mama Zuhura, jirani yetu asiyeishiwa maneno, alininyang'anya kitabu akakikung'uta, labda aliyefungua mlango angedondoka humo.

Tukangoja kingine. Hakikuja. Msimu uliofuata watu walisokota kimya, mpaka Bibi, ambaye hakujua kusoma, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Aliyefungua ni mama yake. Alikuwa na unga mikononi."

Akaendelea kutoka hapo. Kila msimu aliongeza. Mama na binti waligombana kwa ajili ya chumvi, wakanuniana, wakalima shamba moja. Lori liliharibika kwenye mteremko wetu na kuku wakataga ndani yake. Mimi nilikwenda kusoma mbali, kisha kazi ikanishika huko huko, na kila nikirudi niliikuta hadithi imesonga mbele. Nilisikiliza nusu nusu. Nilikuwa nangoja kitabu chenyewe.

Sasa rudi nami kwenye siku ile niliyokinunua kitabu Masasi. Niliwakuta uani, wamezunguka turubai kama zamani.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Umekumbatia nini hicho kama mtoto mchanga?"

"Kitabu cha nne kimetoka," nikatangaza mbele ya wote. "Leo tutaujua ukweli."

Neno hilo, ukweli, ndilo linaloniunguza mpaka leo. Kama ningesema tu nimeleta kitabu, labda mambo yangekwenda vingine.

Nikaketi, nikasoma. Mlango ulifunguliwa na mpangaji, kijana asiyemjua dereva. Mama, akasema, alikwisha kufa zamani, kaburi lake liko nyuma ya nyumba.

Mikono ikasimama. Mama Zuhura akacheka. "Kumbe, Bibi! Miaka yote hii unampikisha ugali marehemu?"

Wengine nao wakacheka, bila ubaya. Bibi akacheka nao kidogo, kisha akavuta kanga mpaka kwenye paji la uso, akainamia mabibo yake. Nilianza kukifunga kitabu.

"Soma kilichoandikwa," akasema bila kunitazama.

Nikasoma mpaka mwisho. Ni kitabu kizuri, sikufichi. Lakini sikuweza kuinua macho.

Kesho yake nilimfuata jikoni akimenya ming'oko. "Bibi, yule mama na bintiye, uliwaachia wapi mwaka jana?"

"Si alishakufa?"

"Kwenye kitabu. Kwako je?"

Akanipa mng'oko wa moto, akapuliza vidole vyake. "Mimi nilikuwa nawashikia tu mpaka mwenyewe aje. Mwenyewe kaja."

Tangu hapo najaribu kuikusanya hadithi yake. Ninao unga mikononi, ninayo chumvi, ninao kuku kwenye lori. Jinsi walivyopatana sijui, na sikumbuki hata jina alilompa yule mama. Nilimuuliza Mama Zuhura, akasema, "Mimi nilikuwa nacheka, mwanangu, sikuwa nakariri. Nani alijua itakwisha?"

Vile vitatu vya mwanzo nami nimevinunua; vyote vinne viko mezani kwangu. Kimoja kikipotea, nitakwenda Masasi kununua kingine. Uani kwa Bibi, siku hizi, korosho zinasokotwa kwa muziki wa simu ya mtu. Bibi yupo, na mikono yake bado ni myepesi. Watoto wa majirani wakimwomba hadithi ya lori, anawaelekeza kwa upole: muulizeni msomaji.

Nikiwapo, wananigeukia. Nakifungua kitabu cha nne nilichokuja nacho, na wao, kabla sijafika popote, wanauliza kuku wako wapi.