Mwaka wa Kutembea Polepole

Mtoto wa mbwa aliletwa kwangu Kagondo wiki ileile baba alipotoka hospitali. Nikikumbuka, naona kama waliingia mlangoni pamoja, ingawa najua haikuwa hivyo. Baba alikuwa amepata kiharusi akiwa kwake Buganguzi, na upande wake wa kushoto ulikuwa bado haujaamka vizuri. Mbwa alikuwa wa aina ya bulteria, mweupe, kichwa kirefu kama yai. Niliachiwa na mwenzangu wa kazini aliyehamishwa.

Daktari wa mifugo alinionya nisimkimbize. "Atakuwa na nguvu nyingi, lakini mifupa bado laini. Amalize chanjo kwanza. Halafu mtembeze dakika chache, kwenye udongo, si kwenye lami. Asiruke ngazi. Mbio zisubiri mpaka apite mwaka na zaidi."

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo naye alisema karibu maneno hayohayo kuhusu baba: hatua chache, kila siku, pasipo na mteremko.

Basi chanjo zilipokwisha nikawa nawatoa pamoja, asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ukungu wa ziwa ulikuwa bado umelala juu ya migomba. Baba na fimbo yake, mbwa na mkanda wake wa kifuani, mimi katikati. Mwanzoni tuliishia kwenye mibuni ya jirani tukarudi. Watu walituamkia kutoka ndani ya ukungu, tukaitikia bila kuona uso wa mtu. Kuna siku nilihisi sisi tumesimama, na njia ndiyo inayopita taratibu chini ya miguu yetu.

"Mbwa gani huyu anatembezwa kama mgonjwa?" baba aliuliza siku ya kwanza. Nyumbani kwake mbwa walikaa nje, wakajitembeza wenyewe. Baada ya wiki kadhaa nikamsikia akimwambia yule mbwa, kwa Kihaya, kwamba leo amechoka kabla ya mzee.

Alipofikisha miezi minane, mbwa alikuwa amejaa kifua. Asubuhi moja baba akanyoosha mkono wake mzima.

"Nipe nimshike."

"Taata, waitu," nilimsihi, "anavuta."

"Nipe."

Nikampa. Sikuona kwamba ameuzungusha mkanda wa kumshikia kwenye kiganja. Mbuzi watatu walitokea kwenye majani, mbwa akaruka, na baba akaenda chini, fimbo huku, yeye kule.

Nilimkimbilia. Mbwa alikuwa ameshawasahau mbuzi, amerudi, anamnusa baba sikio. Mabega ya baba yalikuwa yakitikisika, nikajua analia. Kumbe anacheka. Tangu augue, kicheko chake kilikuwa cha upande mmoja. Asubuhi ile nilikiona kimeenea uso mzima, au pengine nilitamani sana kukiona.

Kiganja kilivimba, lakini mfupa haukuvunjika. Mimi ndiye niliyeumia muda mrefu zaidi. Nililijua kosa langu: mbwa mwenye nguvu hashikwi na mtu ambaye hawezi kusimama imara, na mkanda hauzungushwi mkononi. Kuanzia hapo nilimshika mwenyewe. Kila mkanda ulipokaza, nilisimama mpaka ulegee. Kila alipowatazama mbuzi kisha akageuka kunitazama mimi, nilimpa dagaa mkavu niliyemnunulia sokoni Kashai. Baba alisimama pembeni akihesabu dagaa kwa macho.

"Huyu anakula vizuri kuliko mimi," alisema.

Miezi ikaenda. Baba akaomba kurudi Buganguzi kwenye kibanja chake cha migomba, nami sikuwa na sababu ya kumzuia. Tulipomsindikiza, alimgusa mbwa kichwani mara moja, haraka, kama mtu anayejaribu joto la sufuria.

Mbwa alipopita mwaka na nusu, daktari alimkagua magoti na nyonga akasema sasa akimbie. Tulianza kidogokidogo, kwenye mchanga wa ufukweni, jua likiwa bado changa, mkanda mrefu mkononi mwangu. Mara ya kwanza alisimama akanitazama, kana kwamba anangoja ruhusa ya mtu mwingine. Kisha akaenda. Sikujua kwamba mwili mzito vile unaweza kuwa mwepesi hivyo.

Nilimpigia baba simu nikiwa bado nahema.

"Amekimbia?"

"Amekimbia, Taata."

"Na wewe?"

"Na mimi."

Nilisikia kuku wake, na upepo kwenye migomba.

"Mimi leo nimefika kanisani," akasema. "Kwa miguu."