Kwangu Inafunguka

Nikiri mapema tu kwamba hadi leo nikipita Uyole nainamisha kichwa, na si kwa heshima, ni kwa aibu, kwa sababu kuna mtaa pale ambao watu wakiniona wanaambiana "mwenye majeneza huyo", na mimi sijawahi kuuza jeneza hata moja maishani mwangu (nimewahi kubeba, ila nani hajabeba). Mimi natengeneza tovuti. Naishi Mlandege, Iringa, ofisi yangu ni meza, kiti na laptop, basi.

Chanzo ni mapenzi. Nilikuwa nampenda Tusajigwe, binti wa Kinyakyusa tuliyesoma naye chuo, naye ananipenda, shida ikawa baba yake, ambaye aligoma kupokea washenga wangu mpaka aelewe ninafanya kazi gani hasa. Mzee yule alifanya kazi kwenye kiwanda cha karatasi kule Mgololo mpaka akastaafu, kwa hiyo kwake kazi ni kitu unachoweza kukishika. Kila nikienda kumwamkia ananiitikia, halafu anaongeza "Kamwene", salamu yetu sisi Wahehe, anaitia kwa utani, kisha anauliza, "Hiyo kazi yako ukishaimaliza, mezani kinabaki nini?" Namwambia inabaki tovuti, baba. Anaitazama meza. Mezani hakuna kitu.

Sasa kaka yake Tusa, Ambakisye, akawa anaoa, na Tusa akanipigia debe kwenye kikao cha harusi kwamba mimi nitengeneze tovuti ya mwaliko, yenye picha, ratiba na ramani ya ukumbi, ili hata ndugu wa mbali wasisumbuke. Mzee akaguna: "Karatasi ipo, nyie mnataka kuandika mwaliko hewani." Lakini kikao kikapitisha. Tusa akanivuta pembeni akaniambia, "Festo, nafasi yako ndiyo hii. Ukiiharibu, mimi sitakuwa na cha kumwambia baba tena." Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kazi ndogo hiyo.

Hapo inabidi niwaeleze kidogo, vumilieni. Mimi nina seva moja ya kukodi, na humo ndani nimeweka tovuti za wateja wangu wote, kila moja na jina lake, ndivyo tunavyofanya sisi tusio na mitaji. Mteja wangu wa kwanza kabisa ni Mzee Kikoti, fundi wa majeneza pale pale Mlandege, mtu mpole sana. Basi wakati naitengeneza ile ya harusi mtandao ukawa unasuasua, nikaona nisijitese, nikaandika kamstari kamoja kwenye laptop yangu kuiambia: ukisikia jina la tovuti ya Ambakisye, usihangaike kwenda mtandaoni, ichukue humu humu ndani. Kamstari kamoja tu, jamani, nikasema nitakafuta baadaye. Kazi ilipoisha nikapandisha kila kitu kwenye seva, na kilichobaki kilikuwa kuiambia seva kwamba kuna tovuti mpya yenye jina fulani, mara Tusa akapiga simu kuuliza kama nimeshapanda basi. Nikaifungua tovuti kwenye laptop, ikaja na maua yake, nikafurahi, nikafunga begi. Mstari sikuufuta, na seva sikuiambia kitu.

Kikao kilichofuata kilikuwa Jumamosi mchana nyumbani kwao Tusa, Uyole, sebule imejaa wajomba na mama wadogo. Nikaweka laptop mezani, nikafungua, wakapiga makofi, hata Mzee akavaa miwani akasogea, akasema, "Kumbe kinaonekana." Moyo wangu ulijaa, siwadanganyi. Kwa furaha hiyo nikaituma linki kwenye grupu la ukoo, nikaandika: "Wapendwa, ile siku yetu imekaribia. Fungueni hapa mjionee wenyewe."

Wakafungua. Ambakisye akasoma kwa sauti ya chini kwenye simu yake: "Karibu. Tunajua huu ni wakati mgumu kwako." Mjomba mmoja akaendelea kusoma kwenye ya kwake: "Chagua mbao uipendayo. Vipimo tunakuja kuchukua nyumbani." Na picha ikashuka, jeneza jeupe la Mzee Kikoti lenye vishikio vya dhahabu, picha ambayo nilipiga mwenyewe na nilikuwa najivunia sana. Ambakisye akaniuliza kama bibi harusi naye yumo kwenye lile grupu. Alikuwemo.

Mtu mwenye akili angesema "samahani, ngoja niangalie". Mimi nikageuza laptop nikasema, "Kwangu inafunguka." Wakaangalia, kweli, maua. Nikasema tatizo ni simu zenu, zimeni muwashe. Wakazima, wakawasha, majeneza. Nikasema sogeeni dirishani labda mtandao ni hafifu, na watu wazima na heshima zao wakaenda kusimama dirishani na simu juu, majeneza yakaja kwa kasi zaidi. Mzee akasema, "Ya kwangu ni mpya, nimeinunua sokoni Mwanjelwa juzi." Na mimi, kinywa hiki hiki, nikamjibu, "Baba, simu za siku hizi nyingi ni feki."

Akampigia muuzaji pale pale, spika imewashwa. "Kijana, umeniuzia simu inaniletea majeneza."

"Mzee wangu, kwani umebonyeza nini?"

"Nimebonyeza harusi."

Muuzaji akaapa kwamba simu ni nzima, Mzee akamwambia usiku wa leo usipite hujaja kuchukua takataka yako, akakata. Kabla hajaiweka chini simu ikaita, shangazi yao wa Chimala, mfanyabiashara wa mchele, analia kabisa: "Niambieni ukweli, ni nani? Nimeshafunga duka, niko kwenye gari."

Ambakisye akachukua simu. "Shangazi, hakuna msiba. Wote tuko wazima."

Kosa kubwa hilo. Nyie mnajua jinsi tunavyopeana taarifa za msiba huku kwetu, mtu haambiwi kwenye simu akiwa njiani, anaambiwa mgonjwa anaendelea vizuri, wewe njoo tu. Kwa hiyo kadiri Ambakisye alivyomhakikishia kwamba wote ni wazima ndivyo shangazi alivyozidi kulia. "Mnanificha," akasema. "Baba yako nimesikia sauti yake hapo, basi ni mama." Mama mwenyewe akapewa simu aongee, akasema, "Wifi, mimi nipo," na shangazi akajibu kwamba hata sauti imebadilika kwa majonzi.

Ndipo umeme ukakatika. Mtandao wa nyumbani ukazima, mtu mmoja akasema sasa ndiyo hatutaona hata hayo majeneza. Na mimi, sijui shetani gani alinikalia, nikaona hiyo ndiyo nafasi ya kuonyesha ubora wa kazi yangu, nikabonyeza laptop nikasema kwa majivuno, "Oneni sasa. Umeme hakuna, mtandao hakuna, na bado kwangu inafunguka."

Ikafunguka, na maua yake yote.

Tusa alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniuliza taratibu, "Festo, una bando?"

"Sina."

"Sasa inatoka wapi?"

Jasho lililonitoka, na baridi yote ile ya Uyole, sijawahi kulipata tena. Nilielewa kila kitu mara moja. Ningeweza kudanganya tena, na nilifikiria, siwafichi, lakini nikamwona Mzee ameishika ile simu yake mpya kama kitu kilichomsaliti, nikashindwa. Nikapiga magoti, nikasema, "Baba, simu yako ni nzima. Mbovu ni mimi."

Nikamweleza kwa lugha ya nyumba. Kwamba seva ni nyumba ya wapangaji yenye mlinzi mlangoni, na mimi nilimwingiza Ambakisye chumbani na mizigo yake nikasahau kumtajia mlinzi jina lake, na mgeni akiulizia jina ambalo mlinzi halijui, anapelekwa chumba cha kwanza, na chumba cha kwanza ni cha Mzee Kikoti.

"Na wewe ulikuwa unamwonaje?"

"Mimi nilikuwa na picha yake nyumbani kwangu, baba. Sikuwahi kupita mlangoni."

Tusa akanirushia bando kutoka simu yake, nikaingia kwenye seva, nikaandika jina, nikaiwasha upya, kazi fupi kuliko kuchemsha chai. Simu zote zenye bando zikaleta maua. Hakuna aliyepiga makofi.

Na hapo geti likalia. Shangazi wa Chimala, kitenge kiunoni, kilio kimetangulia, nyuma yake wanawake wawili wa sokoni na gunia la mchele wa msibani. Majirani nao wakaanza kutoka, mmoja kabeba benchi, mwingine ameshakokota kuni. Mzee akanitazama. "Nenda kawaambie. Majeneza ni yako."

Nikatoka. Nilisimama mbele ya mtaa mzima nikatangaza kwamba hakuna aliyekufa, na wakaniuliza wewe ni nani, na mimi sikuwa mkwe wala ndugu. Shangazi akaingia ndani akamgusa mmoja mmoja kama anayekagua mahindi, alipomaliza akakaa chini akacheka mpaka akalia tena, akasema mchele haurudi Chimala, upikwe. Ukapikwa, na majirani wakala, na lile benchi likapata kazi.

Jioni Mzee akaniita. Kwanza akanipa simu nimpigie yule muuzaji wa Mwanjelwa nimwombe radhi kwa kinywa changu (nilimwomba, akanitukana kidogo, ilikuwa haki yake). Kisha akasema, "Leo nimeielewa kazi yako. Sasa hao washenga wako waambie wapite mlangoni. Mlinzi ni mimi, na jina lako ninalo."

Siku hizi sithubutu kumwambia mteja kwamba kazi imekwisha kabla sijaazima simu ya mama muuza maandazi nje ya ofisi nikaona inafungukaje kwake. Na zamu yetu mimi na Tusa ilipofika, mwaliko ulikuwa kadi, Mzee kaichagua karatasi mwenyewe, nene, ya kukunja. Alipoletewa ya kwanza aliifungua, akaifunga, akaifungua tena, kisha akanipa mkononi.

"Kwangu inafunguka," akasema. "Jaribu na wewe."