Kilo Mbili za Udongo

Daktari alinipa masharti matatu: nisile chumvi, ninywe kwa kipimo, na nijipime kila asubuhi. Moyo wangu, alisema, umechoka kusukuma, kwa hiyo maji yanabaki mwilini, na maji yana uzito. Nikiongeza kilo mbili kwa siku tatu, nisingoje tarehe ya kliniki, nije siku hiyohiyo. Nilimwuliza kama angekubali tatu. Hakucheka.

Nyumbani Ruring'u sikuwa na mizani. Nani alikuwa nayo miaka hiyo? Lakini sokoni, katika stoo yangu ya viazi, nilikuwa na ile kubwa ya kupimia magunia. Nilifika kabla ya wateja, nikapanda, nikasoma, nikashuka, nikapanda tena. Sabini na moja. Sabini na moja. Hapo niliweza kunywa chai, kikombe kimoja, maana hata chai nilikuwa nimepimiwa.

Ikaja Julai na ukungu wake. Jumatatu nilisoma sabini na mbili, nikatoa kilo moja ya koti. Jumanne sabini na tatu. Nikatoa koti, nikatoa gambuti. Jumatano sabini na nne, nikatoa na uji niliokunywa.

Sisi wanunuzi wa viazi tulikuwa na desturi. Kila gunia kutoka shambani tuliliondolea kilo mbili za udongo, hata kama viazi vimeoshwa vikang'aa. Mkulima alinung'unika, sisi tukaandika kilichobaki. Baada ya miaka mingi ya kazi hiyo, jicho langu halikuweza kusoma mizani bila kutoa kitu.

Dalili nyingine nazo nilibishana nazo. Viatu vya kanisani vilibana, nikalaumu soksi za sufu. Njiani kwenda mjini nilisimama mara nne kutafuta pumzi, nikijifanya nasalimia watu, hata nisiowajua. Mito ya kulalia ilitoka mmoja ikafika mitatu, maana nikilala chali pumzi ilikatika. Mke wangu aliiona, akauliza. Nikamwambia shingo inauma.

Alhamisi aliingia mama mmoja wa Endarasha, aliyeniletea viazi miaka yote na kugombana nami miaka yote juu ya zile kilo mbili. Alinikuta juu ya mizani, mshale kwenye sabini na tano, nikinong'ona hesabu zangu: koti, gambuti, uji.

"Ati mzee, hata wewe mwenyewe unajitoa udongo?"

Alicheka mpaka akashika mlango. Nilipomweleza maneno ya daktari, kicheko kiliisha. Akauliza kama wiki iliyopita, nilipokuwa sabini na moja, nilikuja bila koti. Lilikuwa koti hilihili. Gambuti zilezile. Hata bakuli la uji lilikuwa lile moja.

Akainama, akanivua gambuti moja, akanibonyeza muundi kwa kidole gumba, kama mimi ninavyobonyeza viazi vyake kutafuta kilichooza. Akaondoa kidole. Shimo likabaki. Tulilitazama wote wawili, na mimi nilihesabu, nikafika kumi, nikaanza tena. Bado lilikuwepo.

"Kiazi ikiwa hivi ungenirudishia," alisema. "Enda hospitali."

Nilisema nitaenda kesho, baada ya kupima mzigo wake. Akaketi juu ya gunia.

"Leo. Ukikataa, hizi gunia napeleka kwa jirani yako."

Nikajaribu kuomba saa nane mchana. Akasimama, akashika gunia la kwanza masikioni. Nikafunga stoo.

Hospitalini nesi aliuliza mizani ya nyumbani ilisema nini. Nilihisi ulimi ukitafuta koti.

"Sabini na tano," nikasema. "Jumamosi ilikuwa sabini na moja."

Aliandika bila kupunguza chochote. Akauliza namba za siku za katikati, nikazitaja, naye akauliza kwa nini sikuja Jumanne ile, au hata Jumatano. Akanivua gambuti moja, akanibonyeza mguu palepale alipobonyeza yule mama, akamwita daktari kwa sauti ya kawaida, ambayo ilinitisha kuliko kama angepiga kelele.

Kisha akaniambia nivue koti, nivue na gambuti ya pili, kwa sababu sirudi nyumbani leo. Nikavua. Nikauliza kama ni siku mbili.

"Hatujui, mzee," akasema. "Lala kwanza."

Nikapanda kitandani, nikakuta mito miwili, nikaomba wa tatu.