Nyaya za Dorika

Mwanangu Dorika hakuwahi kuamini kitu kabla hajakipima mwenyewe. Akiwa darasa la tatu aliifungua redio ya baba yake, akatandaza vyuma mkekani. Nilimchapa. Jioni redio ikasema vizuri kuliko siku iliponunuliwa, nikabaki naona aibu na fimbo yangu. Alisoma sekondari Masasi, akaenda chuo cha ufundi Mtwara, na mwaka jana akarudi nyumbani na kazi: kupanga vifaa vya madarasa katika tawi jipya la chuo kikuu, hapa Mkunya. Mimi habari njema hunitia hofu kuliko mbaya, maana huwa natafuta itaharibikia wapi. Kwa bahati nilikuwa nimeshapata kazi ya usafi hapo hapo, kwa hiyo nilimtazama kila siku.

Madarasa ni matano. Mwalimu atafundisha akiwa makao makuu, na wanafunzi wa huku watamwona ukutani na kumwuliza maswali. Mchoro ulitoka huko huko makao makuu. Uliweka makabati ya mitambo upande wa mashariki, chini ya madirisha ya kupitisha hewa, na mashariki kwetu ni mikorosho mitupu. Dorika akawapigia simu, akawaeleza kwamba kuanzia Juni watu hupuliza salfa, dawa ya mikorosho, alfajiri, na vumbi lake la njano huingia kila mahali na kula shaba. Akachora mchoro wake: makabati magharibi, mashariki vioo visivyofunguka. Akatuma na picha ya shaba iliyoanza kuwa nyeusi. Wakamjibu kwamba weusi anaouona pichani ni kivuli tu, na matawi yote yana mchoro mmoja. Hata hivyo Bwana Gervas, mkuu wa ufundi, angekuja mwisho wa Julai kuamua. Dorika akaniambia kwamba akikataliwa ataacha kazi na kuondoka, kwa sababu hawezi kuweka sahihi kwenye mitambo itakayokufa ndani ya mwaka mmoja. Tangu hapo nikawa nahesabu siku.

Kumbe mwanzoni mwa Juni alikuwa ametundika vipande vya waya wa shaba uliochunwa ganda, vitano ukuta wa mashariki, vitano wa magharibi. Nilipomwuliza alijibu kwa kifupi kwamba ni kipimo, nikadhani anapima urefu wa kuta. Fakihi, mlinzi wa getini, alisema Dorika anatega panya, na akaniuliza kama chungu changu cha kuwapikia kiko tayari.

Siku moja kabla ya ugeni Dorika alikwenda Masasi kumpokea Bwana Gervas. Nilipiga deki mara mbili, nikafuta meza, nikafuta hata miguu ya viti. Ndipo nikaziona zile nyaya. Za mashariki zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni. Nikawaza mgeni atasema nini juu ya binti wa mfagiaji. Nikachukua majivu na limau, nikazisafisha zote mpaka zikang'aa kama hereni za harusini.

Asubuhi Dorika aliingia na mgeni, akasimama ghafla.

"Mama, nani amegusa nyaya zangu?"

"Mimi. Zilikuwa zimechafuka."

Akakaa sakafuni na suruali yake safi. Kwa sauti ndogo akamweleza Bwana Gervas kwamba ushahidi wake wa miezi miwili nimeuosha. Nilitamani dari inifunike. Bwana Gervas aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba kwa shida, kisha akavuta kiti karibu yangu.

"Mama, zote zilikuwa chafu sawasawa?"

"Hapana, baba. Za huku magharibi nilizipitishia kitambaa tu. Za mashariki zimenimalizia malimau manne, na bado hii ya pembeni niliirudia."

Nikamwonyesha vidole. Kucha zilikuwa bado nyeusi. Akazitazama sana, halafu akamgeukia Dorika.

"Alijua unapima nini?"

"Hakujua. Angejua angeweka ulinzi."

"Basi nyaya ungeweza kuzipaka rangi mwenyewe ukanidanganya. Huyu mama hakuwa na sababu ya kudanganya."

Akaenda dirishani, akapitisha kidole kwenye upenyo ambao deki yangu haikufika, kikatoka cha njano. Alicheka, akaomba mchoro wa Dorika, akautia sahihi pale pale. Akasema na matawi mengine yenye mikorosho yataufuata. Dorika alinyanyuka, akanikumbatia na majivu yangu, akinisihi nisisafishe tena kitu chochote chake bila kuuliza.

Nikapiga kigelegele ambacho sikujua kama bado ninacho. Fakihi akaja mbio kutoka getini, akiuliza nani ameolewa.

"Hakuna aliyeolewa," nikamwambia. "Mwanangu anabaki."