Pete ya Chuma Kando ya Mlango

Ukimuuliza mtu yeyote wa mtaa wetu ni nani aliyemaliza ugomvi wa punda katika ile nyumba kubwa, atakutajia mimi. Na si kwamba nilisoma. Chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, nilitoka mapema, baba alipokufa na mikono yangu ikahitajika kwetu Matondoni. Lakini nilipofika mjini Amu, ambao watu wa bara huuita Lamu, nikiwa kijana, nikiswaga punda wa watu kwa ujira, nilijiambia ipo siku punda watakuwa wangu, na ikawa. Miaka ile ya hamsini hapakusimama ukuta Amu ila mawe yake au chokaa yake ilipita migongoni mwa punda wangu. Mabwana wenye vilemba walisimama juani wakinisubiri mimi niwaambie lini watajengewa.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya mawe, ya ghorofa, ya bwana mmoja wa zamani aliyekufa akaacha warithi wengi. Warithi wakagawana vyumba, wengine wakauza. Zamani, nilipokuwa hamali, niliwahi kupeleka boriti humo nikaambiwa nisikanyage mkeka. Basi kipande cha chini kilipotolewa kuuzwa nilikinunua mimi, na mkeka nikatandika wangu.

Mke wangu ndiye aliyechagua wapi tutalala na wapi tutaweka kasha lake. Akafa kabla hatujahamia. Binti yetu alikuwa ameshaolewa Faza, na Faza si mbali, lakini mwenye watoto wadogo hapandi mashua kila akimkumbuka babake. Nikahamia peke yangu. Nikanunua dele la shaba la kupikia kahawa na finjani zake, nikaliweka mahali ambapo mtu akiingia analiona. Nilichotaka ni kitu kimoja tu, watu waingie kwangu. Nilishaingia nyumba za watu maisha yangu yote na mzigo begani. Sasa nilitaka wao waje, wavue viatu, wakae.

Nyumba za Amu ziko hivi. Nje kuna daka, kibaraza chenye viti vya mawe pande mbili za mlango. Ukiingia mlango mkubwa unakuta tekani, ukumbi mdogo wenye giza, na hapo ndipo tulipogawanyikia. Kulia mlango wangu, kushoto mlango wa fundi mmoja mshona kofia, nyuma chumba cha Mpate, mtu wa kisiwa cha Pate, muuza tumbaku, na mkewe, na ngazi ya kupanda juu kwa Bi Mkubwa, mjane, mrithi wa mwisho aliyebaki katika nyumba ya babu yake. Mlango mmoja, tekani moja, na ukutani kando ya daka pete moja ya chuma ya kufungia punda. Kivuli cha mchana kilikuwa hapo penye pete. Kwingine kote kichochoroni ni jua, au ni ndia ya watu kupita.

Bara kulikuwa na hali ya hatari, watu wakikamatwa usiku na mchana. Sisi shida yetu ilikuwa pete.

Mpate alikuwa na punda wawili wakali waliomletea tumbaku kutoka gatini. Akiwafunga hapo, muuza maji wa Bi Mkubwa hapiti. Muuza maji akiwahi kumfunga wake, Mpate anasimama katikati ya kichochoro akilalama. Mimi nikija na punda wangu mweupe, mrefu, wa mbegu ya Maskati, ambaye watu walitoka mitaa mingine kuja kumtazama, sina pa kumweka. Siku moja punda wa Mpate alinyoosha shingo pale dakani, fundi akiwa ameinama anatafuta sindano, akatafuna kofia ya bwana harusi. Ndipo nilipowaita wote dakani baada ya sala ya alasiri. Nikapika kahawa.

Nitakwambia kweli, alasiri ile ilikuwa nzuri. Viti vyote viwili vya mawe vilijaa. Muuza maji alikaa sakafuni. Bi Mkubwa alifungua dirisha la juu kidogo, tukasikia sauti yake bila kumwona. Finjani zangu zikazunguka.

"Punda wako amekula kofia ya watu," fundi alimwambia Mpate.

"Amekula upande mmoja."

"Kofia ina upande gani mwingine?"

"Ingekuwa nzuri angeimaliza," Mpate akasema, akanyoosha finjani aongezewe. Hata fundi alicheka, ingawa hakutaka.

"Mwasema kofia tu," sauti ya juu ikasema. "Na samadi je? Wageni wangu wapanda nayo hadi penye ngazi. Nyumba hii babu yangu alikuwa akifukiza udi tekani. Yeo nafukiza mimi, na anayenukia ni punda."

"Bi, punda naye ni mpangaji," akasema Mpate.

"Basi na alipe."

Niliwaacha waseme mpaka wakachoka. Hiyo ni kazi niliyojifunza kwa mahamali. Mtu hakubali kushusha mzigo kabla hajausema uzito wake. Halafu nikatoa shauri. Nyuma ya nyumba kulikuwa na gofu, nyumba iliyoanguka zamani, kuta zimebaki kiunoni. Nikasema nitapasafisha mimi, nitajenga banda la makuti kwa boriti zangu, na punda wa Mpate watakaa huko kivulini siku nzima. Muuza maji ateremshe maji na aende zake. Dakani abaki fundi na kofia zake. Na pete, kwa kuwa banda ni langu, afungwe hapo punda wangu mweupe peke yake, asiyeuma wala asiyepiga kelele.

Wakatazamana. Mpate akasema banda ni bora kuliko ukuta. Fundi akasema yeyote asiyekula kofia yeye anamkubali.

"Mmoja tu?" Bi Mkubwa akauliza.

"Mmoja tu, Bi."

"Hata alasiri?"

"Hata alasiri."

Dirisha likafungwa. Mimi nikaona tumekubaliana. Watu wakainuka, kila mtu kwake, na mie nikaosha finjani.

Banda nikalijenga, tena zuri. Ugomvi ukaisha. Mabwana wa mitaa mingine, wenye nyumba zilizogawanywa kama yetu, walikuja kuniuliza nilifanyaje, wakiuliza wamesimama, halafu wakaenda. Kazi zangu wakati ule zilikuwa na watu wa kuziendesha, na punda wengine walilala zizini pembeni mwa mji, basi kila alasiri nilirudi nyumbani mapema. Namfunga yule mweupe petani. Namvua shogi, yale makapu ya mzigo, namvua na tandiko, nayaweka dakani ili kila apitaye ajue mwenyewe yumo na hana haraka. Naingia, naacha mlango wangu wazi kwa upande wa tekani, napika kahawa, nakaa.

Hakuna aliyeingia.

Fundi alikuwa nje ameupa mlango mgongo, akishona. Mpate alikuwa sokoni hadi magharibi. Nilisikia nyayo za ndara zikija kichochoroni, zikifika karibu na daka, zikisimama. Kisha mnong'ono, kisha zinarudi zilikotoka. Kesho yake hivyo hivyo. Nikajiambia watu wananionea haya, mtu mkubwa hakaribiwi tu. Nikanunua mkeka mpya, wa rangi. Dele likapoa, nikalipasha, likapoa tena.

Jambo jingine nililoliona ni kimya cha juu. Nilipohamia mwanzo, nilipokuwa bado natoka alasiri kwenda kazini, nilikuwa nikikutana na kicheko cha wanawake mlangoni nikitoka, kikianza juu ya boriti, mmoja akikohoa akicheka, mwingine mwenye sauti nene akisimulia, vikombe, miguu ya watoto. Nilikipenda kile kishindo. Mke wangu alikuwa na kicheko cha kukohoa vile. Sasa juu hapakuwa na kitu. Nilisikia fimbo ya Bi Mkubwa ikienda dirishani, ikirudi. Basi tulikaa hivyo, yeye juu yake na mimi chini yangu, kila mtu na kahawa yake.

Alasiri moja fimbo ilikuja hadi kichwani mwa ngazi. Hakushuka. Alibaki kule gizani, pazia likiwa katikati.

"Bwana wa tini," akaniita, mimi wa chini.

"Labeka, Bi Mkubwa."

"Punda wako hajambo?"

"Hajambo, Bi."

"Namuona. Kila yeo namuona. Mzuri. Hebu nambie, wewe mwenye punda kuliko watu wote wa Amu, huyui punda asema nini?"

Nikasema punda wangu hasemi, ndiyo maana nilimpa pete.

"Wake wa mtaa huu wakiona punda ana shogi zake mgongoni, wayua mwenyewe apita tu, hakukaa. Wakiona amevuliwa shogi na tandiko, wayua mna mume ndani na amekaa. Huingiaje mwanamke tekani penye giza, na mlango wa mume u wazi hapo penye ngazi? Hurudi. Wamerudi wote. Hata shoga yangu wa tangu chuoni amerudi."

Ningejulia wapi? Punda wangu mimi hawakuwahi kuvuliwa shogi mlangoni pa mtu. Walishusha mzigo wakaondoka, na kulala walilala zizini. Adabu ya punda aliyepumzika mlangoni ni adabu ya wenye nyumba, na mimi nyumba nilikuwa nimeinunua juzi.

"Mbona hukusema siku ile, Bi?"

"Nilikuuliza, hata alasiri? Ukasema hata alasiri. Nikadhani wayua, na wataka."

"Pete ni yangu kwa makubaliano," nikasema. Nilisema kwa upole, lakini nilisema.

"Ni yako. Sikukwambia si yako." Fimbo ikagonga sakafu. "Mimi miguu imenikataa, bwana. Ningekuwa naweza kwenda kwao nisingekwambia neno. Wao ndio huja."

Akarudi ndani polepole.

Kesho yake nilimpitisha yule mweupe kando ya pete, nikamzungusha hadi gofuni, nikamfunga chini ya banda langu mwenyewe pamoja na wale wawili wa Mpate. Mkali mmoja akamnusa, akamgeuzia mgongo. Mpate alikuwa amewafuata punda wake.

"Tajiri amehamia kwetu?" akauliza.

"Nimekuja kukagua banda."

"Banda lavuja pembe ile."

"Nitaliziba."

Akachukua punda wake akaenda. Nikabaki nalifikiria jambo ambalo nadhani Bi Mkubwa alilijua tangu mwanzo, akaona si adabu kulisema. Kumwondoa punda peke yake hakutoshi. Mlango usio na punda unasema hamna mwanamume ndani. Nikiwa mimi nimekaa ndani kimya, nimefunga mlango, nasikiliza wanawake wa watu wanavyopanda ngazi wakidhani nyumba ni tupu, mimi ni nini? Basi ikawa alasiri ikiingia, mwenye nyumba ndiye anayetoka. Nilitafuta jiwe zuri pale gofuni, nikakaa kivulini pamoja na punda.

Hazikupita siku nyingi kicheko kikarudi. Ukuta wa nyuma ni mnene, lakini kuna dirisha jingine la juu lililo wazi kwa upande wa gofu, na sauti inashuka. Yule wa kukohoa alikuwepo. Yule wa sauti nene alikuwa ana kisa kirefu cha mkwewe na jogoo, nikakisikia nusu tu, mwisho wake sikuwahi kuujua.

Watu wakisema ugomvi wa nyumba ile niliumaliza mimi, wanasema kweli, na sioni aliyepata kuumaliza vizuri zaidi. Pete iko pale hadi leo, imeshika kutu, hafungwi punda yeyote. Fundi hutundika uzi wake.

Dele nilikaa nalo gofuni siku chache, lakini kahawa ya mtu mmoja juu ya jiwe haina ladha. Siku moja kabla sijatoka nilipika kahawa dele likajaa, nikaliweka tekani kwenye ngazi ya kwanza pamoja na finjani zote, nikaondoka bila kusema. Niliporudi magharibi, tekani ilinukia udi na asmini. Dele lilikuwa tupu. Finjani zilikuwa zimeoshwa, zimepinduliwa juu ya kitambaa safi mbele ya mlango wangu, bado zina maji. Nikazihesabu kujua walikuwa wangapi, kisha nikakumbuka kuwa nilikuwa nimeziweka zote, na zote zimeoshwa, haiwezekani kujua.

Nikazikausha moja moja, nikazirudisha ndani mahali pake, ambapo mtu akiingia anaziona.