Kopo la Sita

Msusi alisimama kabla ya watu wote. Pale juu, kwenye pazia jeupe, mlango ulikuwa umefungwa, muziki umepanda, na mwanamke mwenye shingo ndefu ameshashuka ngazi na sanduku lake mkononi. Hapo ndipo filamu inapokwisha, na msusi alipajua mahali hapo kama anavyojua njia ya jikoni kwake umeme ukikatika. Akapiga makofi. Makofi yake yakalia peke yake katika ukumbi mzima, pa, pa, pa, kama mtu anayekung'uta mkeka.

"Mama, kaa chini, haijaisha," sauti ikasema nyuma yake.

"Imeisha, mwanangu. Hapa taa zina..."

Taa hazikuwaka. Pazia likapambazuka, pakatokea barabara na mvua, na mwanamke yule akashuka kwenye gari la moshi katika mji mwingine. Msusi hakuwahi kuiona mvua ile. Miaka thelathini na moja ameisimulia filamu hii, asubuhi na jioni, kwa kila kichwa kilichoinama kwenye beseni la saluni yake, na sasa filamu inakwenda mbele bila kumuuliza.

Binti yake akamvuta gauni kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa ndani ya plasta ngumu kutoka kiganjani hadi kiwikoni. Msusi humwita binti huyu Pekee, maana hakumpata mwingine.

"Kaa, mama. Watu wanatutazama."

Akakaa. Hakuhisi kiti.

Zamani hizo mji ulikuwa na jumba moja la sinema, na Alhamisi alasiri ilikuwa ya wanawake tu. Msusi alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mtoto mgongoni, na mume msimamizi wa ujenzi wa barabara, ambaye kila asubuhi alifunga nyumba kwa nje na kwenda kazini na ufunguo mfukoni. Jioni alimfungulia. Kwa kuwa hakuwahi kumpiga, majirani walisema huyo ndiye mume. Siku ya Alhamisi tu, wifi yake aliruhusiwa kumtoa, na saa kumi na mbili sharti wawe wamerudi.

Filamu zilitoka ng'ambo na zilisema lugha ambayo hapana hata mmoja mle ndani aliyeielewa. Hilo halikumkera mtu. Wanawake waligawana kazi, huyu akafasiri machozi, yule akafasiri macho, na mama mmoja muuza vitambaa akafasiri mabusu kwa urefu kuliko yalivyostahili. Waigizaji nao walibatizwa upya. Kulikuwa na Sukari, aliyejua kulia hata kamasi zikampendeza. Kulikuwa na Jiwe, aliyecheza mama mkwe katika kila filamu, hata wanawake wakamzomea kabla hajafungua kinywa. Na juu ya wote kulikuwa na Twiga.

Twiga hakuwa mzuri sana. Pua ilimzidi uso. Lakini mwanamume alipomtukana, alikuwa na namna yake ya kuigeuza shingo, taratibu, taratibu, mpaka macho yafike pale yanapokwenda, na viti mia tatu vya sinema viligeuka naye. Ukitoka hapo ukamtazama mwenye duka, mwenye duka aliona ametazamwa na nani.

Filamu ya mlango ilionyeshwa Alhamisi nne. Twiga ana mume tajiri anayemdhihaki mbele ya wageni. Twiga anafunga sanduku. Anasimama mlangoni, anasema maneno machache bila kupandisha sauti, anatoka, mlango unajifunga, taa zinawaka. Wanawake wakapiga vigelegele hadi vumbi likaanguka darini. Maneno yale ya mlangoni ndiyo yaliyobishaniwa wiki nzima, na aliyeyapatia, kwa kauli ya wote, alikuwa msusi: *Ulioa mke, ukamfanya kabati. Kabati haliondoki. Mimi naondoka.*

Alhamisi ya nne, mume akiwa bado anatafuna chakula cha jioni, msusi alisimama mlangoni na kuyasema maneno hayo, neno kwa neno, kisha akamfunga mtoto mgongoni na kutoka.

Mengine mji wote unayajua: saluni ya viti viwili na kioo chenye ufa, na mtindo wa nywele zilizopandishwa juu ili shingo ibaki wazi, ambao maharusi bado wanauagiza. Pekee alisomeshwa kwa fedha za mtindo huo. Wateja walimtania msusi. "Leo Twiga hajafunga mlango?" Naye alijibu, "Nyumba njema si mlango, dada. Inamisha kichwa."

Kwa hiyo mhadhiri wa chuo alipokuja saluni, msichana wa miwani mikubwa, akamwambia kwamba kutakuwa na wiki ya waigizaji wanawake wa zamani, kwamba filamu ya Twiga imepatikana na kutiwa tafsiri, na je, mama angekuja kusema machache baada ya kuitazama, msusi alikiacha kitana kwenye nywele za mtu na kuketi.

Alikubali kwa sababu ya Pekee. Kesho saa nne asubuhi mkwe wake angekuja na wazee kumrudisha mkewe. Wiki mbili zilizopita mkwe huyo alimsukuma Pekee kwenye ngazi. Wazee walisema aliteleza. Shangazi wa upande wa mume alipiga simu na methali, mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Na Pekee mwenyewe hakuwa amesema atarudi wala hatarudi. Msusi aliogopa kumsukuma na yeye, mtoto keshasukumwa vya kutosha. Alijisemea, maneno ya mama ni maji ya beseni, yanamwagwa kila siku. Acha Twiga amwambie.

Dalili zilikuwepo hata kabla ya mvua ile. Tafsiri iliandikwa kwa herufi nyeupe chini ya picha, na msusi, miwani puani, hakuipenda tangu mwanzo. Watu walizungumza mambo madogo mno. Twiga alipofika mlangoni, msusi alimfinya Pekee goti. "Sikiliza sasa." Midomo ya Twiga ikacheza, na chini yake pakaandikwa: *Naenda kwa dada yangu. Usisahau kumpa mbwa chakula.*

Alidhani mtafsiri alikuwa amelewa.

Sasa alitazama lile asilolijua. Dada yake Twiga alimpokea kwa uso wa baridi. Mtaa ulinong'ona. Twiga alikaa dirishani siku nyingi, kisha akapanda tena gari la moshi, akapanda tena zile ngazi, na katika sebule ile ile, mbele ya wageni wale wale, akapiga magoti kwenye zulia. Mume akamwinua kwa kidevu. Kinanda kikalia.

Msusi aliitafuta shingo. Alijua, lazima ingekataa. Magoti ni ya mwandishi, shingo ni ya Twiga. Aliitafuta kama mtu anayemtafuta mtoto wake sokoni. Na shingo ile ikainama. Iliinama yote, kuanzia kisogoni, kwa uzuri ambao hakuwahi kuuona katika filamu yake yoyote, hata wasichana wa chuo waliokuwa wakicheka wakanyamaza, na msusi mwenyewe, aibu iliyoje, akalia.

Taa zikawaka.

"Kumbe alirudi," Pekee akasema polepole. Hakuwa akimlaumu mtu. Ndiyo maana iliuma.

Jukwaani palikuwa na viti vitatu. Kimoja cha mhadhiri, kimoja cha msusi, na cha tatu cha Mzee Taa, aliyeendesha mashine za lile jumba la sinema tangu lifunguliwe hadi lilipogeuzwa bohari ya mifuko ya saruji. Alikuwa na miaka karibu themanini, masikio yamempungua, kwa hiyo alizungumza kwa sauti ya mtu aliye upande wa pili wa mto.

Msusi hakungoja kukaribishwa. "Mzee, hii filamu mliionyesha Alhamisi nne. Hizi dakika ishirini zilikuwa wapi?"

"Ehee! Kopo la sita!"

"Kopo gani?"

"Filamu zilikuja ndani ya makopo, mwanangu. Hii ilikuwa na makopo sita. Nikafungua la sita, ndani mna filamu ya kufuga kuku! Ya bwana shamba! Walichanganya huko ilikotoka." Mzee akafuta macho kwa kicheko. "Nikajiuliza, nikiwawekea kuku, hawa kina mama si watanivunjia mashine? Kopo la tano likaisha, mlango umefungwa, nikawasha taa. Mkashangilia! Basi nikanyamaza."

"Alhamisi zote nne?"

"Zote! Nani aulize kopo, watu wameshafurahi?"

Ukumbi ulicheka hadi viti vikalia. Msusi alisikia kicheko hicho kwa mbali. Kuku. Alijiona mlangoni, na miaka yake ishirini na mitatu, na mtoto mgongoni, na nyuma yake bwana shamba akieleza namna ya kuchanganya pumba.

"Mimi niliacha nyumba kwa filamu hii," akasema.

Kicheko kikafa safu kwa safu.

Mhadhiri akarekebisha miwani. "Lakini mama, tukiangalia kwa makini, hata anapopiga magoti, je, hatuoni ukaidi fulani? Labda kwenye shingo?"

"Hapana, mwanangu. Usimpe asichokuwa nacho. Shingo ile naijua kuliko yangu. Ameinama, na ameinama vizuri, kwa sababu alikuwa fundi. Walipomwandikia mlango aliufunga, walipomwandikia magoti akayapiga."

Msichana mmoja safu ya kati akanyoosha mkono. Hakuwa na ubaya, alitaka tu kujua. "Mama, ungeliona kopo la sita siku ile, ungeondoka?"

Pekee aliinua uso. Plasta yake ilikuwa nyeupe kuliko vitu vyote mle ukumbini, na msusi aliona kwamba swali lile lilikuwa limetoka kinywani mwa mwingine lakini mwenye haja nalo ni mmoja. Uongo ulikuwa tayari ulimini. *Ningeondoka, tena mbio.* Sentensi nzuri. Watu wangepiga makofi.

"Sijui," akasema.

Kisha, kwa kuwa neno hilo lilikuwa limeshafungua njia, mengine yakafuata bila kusukumwa. "Na kuna jambo sijamwambia mtu. Mimi pia nilirudi. Mara tatu. Wiki ya kwanza nilifika hadi kona. Wiki ya pili hadi getini, mtoto akalia, nikageuka. Mara ya tatu nilishika komeo. Nilikuwa nimeshapanga hata nitaombaje msamaha."

"Ukazuiwa na nini?" Mhadhiri alisahau kipaza sauti.

Msusi alitafuta jibu kubwa, hakulipata. "Nilikuwa na mteja saa nane. Mteja wangu wa kwanza. Nikasema nimsuke kwanza huyu, nitarudi jioni. Nywele zake zilikuwa nyingi."

Mzee Taa, aliyekuwa hajasikia hata nusu, akapiga makofi kwa adabu.

Nje, kwenye benchi la sementi kando ya maegesho, mama na binti waliketi bila kutazamana. Jua la alasiri lilikuwa bado kali. Msusi alijiona mwepesi, tena si kwa raha. Kama mtu aliyekatwa nywele za miaka mingi akaushika utosi wake, akashtuka.

"Ile ya kabati," Pekee akasema. "Kumbe Twiga hakuisema."

"Alisema mbwa apewe chakula."

"Basi aliisema nani?"

 Miaka yote hii msusi hakuwahi kujiuliza. "Mimi," akasema, na akaogopa, kana kwamba amekuta kitu cha thamani ndani ya mkoba wake na hajui kimeingiaje.

 Pekee akacheka kidogo, na kicheko kikageuka njiani kikawa kilio. "Mama, mimi kila siku nataka kurudi. Kila siku, wiki mbili hizi. Naukumbuka mlio wa gari lake likiingia. Halafu nakuangalia wewe, uliyetoka mara moja ukafunga mlango, najisemea, mimi sikuzaliwa na huyu mama. Mtu wa namna yangu arudi tu."

"Hata leo asubuhi ulitaka?"

"Hata sasa hivi."

Hili lilimshtua msusi kuliko kuku, kuliko mbwa, kuliko magoti. Miaka thelathini na moja amekuwa akimsimulia mtoto huyu mlango, akidhani anampa nguvu, kumbe alimficha kona, na geti, na komeo. Alikuwa amewasha taa mapema. Yeye na Mzee Taa, hapakuwa na tofauti.

"Nisamehe, mwanangu," akasema.

Pekee alijifuta uso kwa ukosi, akatoa simu, akaishika vibaya kwa mkono wa kushoto. Msusi akataka kumshikia. "Acha, naweza." Alibonyeza kwa dole gumba, akikosea, akifuta, akianza upya. Ujumbe wote ulikuwa maneno matatu: *Kesho msije. Bado.*

Simu ikalia pale pale, kabla hajaishusha. Pekee aliitazama ikilia mara tatu, nne. Akaipokea.

"Ndiyo... Nimesema msije... Sijui mpaka lini." Akasikiliza kwa muda mrefu. Rangi ilimpanda usoni. "Hapana, si mama. Mama hata hajui nilichoandika. Ni mimi ninayesema... Mimi."

Sauti ya mwanamume ilisikika ikipanda ndani ya kile kijisimu. Pekee akamgeukia mama yake, macho yakiomba neno lolote, sentensi yoyote. Msusi alikuwa nazo, nyingi, zimesukwa tayari tangu zamani. Akainuka benchini, akasogea hadi chini ya kivuli cha ukuta, akampa mgongo, na kumwachia binti yake atafute la kwake.